Majibu ya Vipimo vya Thairoidi: Jinsi ya Kuyasoma na Kwa Nini Dozi Hubadilishwa

Mtu akikabidhiwa karatasi ya majibu ya thairoidi, jicho hukimbilia herufi ndogo iliyo pembeni ya namba: H kwa kilichopanda, L kwa kilichoshuka. Akiona TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya thairoidi, imeandikiwa H, anaamini homoni zimezidi mwilini, na wengine huacha vidonge siku hiyo hiyo. Ukweli ni kinyume kabisa. TSH ikipanda, mara nyingi homoni za thairoidi ndizo zilizopungua, na kidonge alichokiacha ndicho alichokihitaji.

Mwongozo huu ni wa mtu anayemeza dawa ya thairoidi au anayemuuguza anayeimeza. Dozi hupangwa na daktari, na hakuna sehemu humu inayokuruhusu kuipandisha au kuishusha mwenyewe. Ila daktari anakuona kwa dakika chache, wewe unaishi na kidonge kila siku, na mambo mengi yanayovuruga majibu hutokea nyumbani: kwenye kikombe cha chai, kwenye dawa nyingine, kwenye siku zilizorukwa. Ukishika jambo moja tu, lishike hili: namba za thairoidi husomwa na kalenda mkononi. Kabla ya kuuliza "TSH ni ngapi?" uliza "dozi hii nimeianza lini, na nimeimezaje?"

Hatua ya kwanza: elewa kilichopimwa

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kongomeo. Hutumia madini joto kutengeneza homoni mbili, T4 na T3. Inayotoka kwa wingi ni T4. Mwili huibadilisha kuwa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu ndani ya seli. Homoni hizi huamua mwendo wa moyo, joto la mwili, utumbo, hedhi, nywele, hata kasi ya mawazo. Karatasi nyingi huandika FT4 na FT3. Herufi F ina maana ni kile kiasi kilicho huru, ambacho hakijashikwa na protini za damu, na hicho ndicho mwili unachoweza kukitumia.

TSH haitoki shingoni. Hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi. Ni kama nyapara: kazi ikilegea anapaza sauti, kazi ikizidi ananyamaza. Ndiyo maana TSH na T4 kwa kawaida huenda pande tofauti.

Kuna mambo mawili kuhusu TSH ambayo wagonjwa hawaambiwi. Kwanza, ni nyepesi mno kustuka. T4 ikishuka kwa nusu, TSH yaweza kupanda kwa takribani mara mia. Kwa hiyo mtu aliyetoka TSH 4 hadi 8 hajaugua mara mbili zaidi. Mabadiliko ya homoni yenyewe huenda ni madogo. Pili, pamoja na wepesi huo, haitulii upesi. Kidonge cha T4 hukaa mwilini muda mrefu: baada ya siku 7 hivi bado nusu yake ipo kwenye damu. Dozi ikibadilishwa leo, damu inahitaji wiki kadhaa kufikia kiwango kipya, na TSH nayo inahitaji muda kuitikia. Ndiko inakotoka kanuni ya kupima tena baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima baada ya wiki 2, unasoma mchanganyiko wa dozi ya zamani na mpya, na uamuzi wowote utakaotoka hapo ni wa kubahatisha.

Wakati mwingine hupimwa pia kingamwili. Anti-TPO ikiwa juu huonyesha kwamba kinga ya mwili inaishambulia tezi, ugonjwa unaobeba jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. TRAb ikiwa juu huelekeza kwenye ugonjwa wa Graves, ambao huifanya tezi itengeneze homoni kupita kiasi. Anti-TPO ikishajulikana kuwa juu, hakuna haja ya kuipima kila unapokwenda kliniki. Haibadilishi dozi, na pesa hiyo inatosha kulipia TSH nyingine.

Hatua ya pili: ikague karatasi kabla ya kuziamini namba

Tazama vipimio. TSH huandikwa mIU/L au µIU/mL, na hapo namba ni ile ile. T4 huru ndiyo yenye mtego: maabara moja huandika pmol/L, nyingine ng/dL. Ili kutoka ng/dL kwenda pmol/L, zidisha kwa 12.87. Mtu mwenye 1.2 huko Arusha akipata 15 alipopima Nairobi hajapanda, 1.2 ng/dL ni 15.4 pmol/L.

Tazama pia viwango vya kawaida vilivyochapwa kando ya jibu lako. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, TSH ya kawaida huwa karibu na 0.4 hadi 4.0, na T4 huru kwenye maabara nyingi huwa kati ya 9 na 19 pmol/L au karibu na hapo. Mashine hazifanani, kwa hiyo jibu hulinganishwa na viwango vya maabara iliyolitoa. Ukiweza, pima maabara moja kila mara, na saa zile zile, kwa sababu TSH hupanda usiku na alfajiri na kushuka mchana.

Kisha jiulize asubuhi ile ilikuwaje. Ulimeza kidonge kabla ya kutoa damu? T4 huru hupanda kwa saa chache baada ya kumeza, hivyo siku ya kipimo ni vyema utoe damu kwanza, kidonge baadaye. TSH yenyewe haitikisiki kwa kidonge cha asubuhi moja.

Ulikuwa unatumia vidonge vya kukuza nywele na kucha? Vingi vimejaa biotini, mara nyingi miligramu 5 au 10, wakati mahitaji ya mwili kwa siku ni mikrogramu 30 hivi. Biotini haimdhuru mtu kwa kiasi hicho, ila kwenye mashine nyingi huvuruga kipimo: TSH inaonekana iko chini kuliko ilivyo, T4 inaonekana iko juu, na mtu mzima wa afya anaandikiwa dawa ya ugonjwa asio nao. Viache angalau siku 2 kabla ya kipimo, na kama dozi ni kubwa zaidi, mwulize daktari muda wa kuviacha.

Ulikuwa mgonjwa? Malaria kali, nimonia, upasuaji, kulazwa kwa sababu yoyote, vyote huweza kuishusha TSH kwa muda, na wakati wa kupona ikapanda kupita kawaida, kisha ikarudi mahali pake bila dawa. Kama hapakuwa na dalili za wazi za thairoidi, kipimo kilichochukuliwa kitandani hospitalini kirudiwe wiki 6 hivi baada ya kupona, kabla ya kuanza dawa ya maisha.

Hatua ya tatu: soma namba mbili kwa pamoja

TSH juu, T4 chini. Tezi imeshindwa kazi. Dalili zake ni uchovu, baridi wakati wenzako wanatokwa jasho, choo kigumu, uzito kuongezeka, ngozi kavu, hedhi nzito, sauti kukwaruza, mapigo ya moyo ya taratibu. Hapa dawa inahitajika.

TSH juu kidogo, tuseme 6, na T4 iko sawa. Hapa pasiwe na haraka. Kipimo hurudiwa baada ya miezi 2 hadi 3, na kwa watu wengi TSH hurudi yenyewe. Dawa huanzishwa kwa uzito zaidi TSH ikivuka 10, au mwanamke akiwa mjamzito au akitafuta mimba. Kwa mzee wa miaka 70 hadi 80, TSH ya 4 hadi 6 inakubalika, hata akiwa kwenye dawa. Kumlazimisha ashuke hadi 1 ni kumsumbua moyo bila faida.

TSH chini, T4 juu. Homoni zimezidi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukonda huku hamu ya kula ipo, usingizi kukataa. Kama TSH iko chini lakini T4 iko sawa, ipimwe T3, kwa sababu kuna wagonjwa ambao T3 peke yake ndiyo imepanda. Kwa aliyekwisha kuwa kwenye vidonge vya T4, TSH ya chini kwa kawaida inasema dozi imezidi. Isipokuwa mtu mmoja: aliyetibiwa saratani ya thairoidi. Kwake daktari huweza kuishusha TSH makusudi ili kuzuia mabaki ya saratani yasiamshwe, kwa hiyo asiishushe dozi kwa kuiogopa herufi L.

TSH chini au ya kawaida, huku T4 iko chini. Mpangilio huu hupita bila kuonwa kirahisi, hasa pale hospitali inapopima TSH peke yake na kuandika "kawaida". Tatizo laweza kuwa kwenye pituitari. Katika nchi zetu mhusika wa kumfikiria mapema ni mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, na tangu hapo hana nguvu. Damu nyingi ikipotea, pituitari huweza kufa kwa kukosa damu. Mama huyu asianzishiwe T4 kabla ya kupimwa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, kwa sababu kumpa T4 mtu asiye na kotisoli kunaweza kumwangusha ghafla na kumuua. Na akishaanza dawa, dozi yake hufuatwa kwa T4 huru. TSH haina tena la kusema.

TSH juu, T4 ya kutosha au juu kidogo, kwa mtu aliye kwenye dawa. Karibu kila mara hii ni picha ya vidonge vilivyorukwa wiki nyingi, kisha vikamezwa kwa bidii siku chache kabla ya kliniki. T4 imeona vidonge vya juzi. TSH bado inakumbuka mwezi uliopita. Tafadhali mweleze daktari ukweli. Usipomweleza atapandisha dozi, na siku utakapoanza kumeza kila siku, dozi hiyo itakuzidi.

Hatua ya nne: chunguza kidonge kinavyomezwa, kabla dozi haijaguswa

Dawa ya kuongezea homoni ni levothairoksini. Kwenye boksi utasoma Levothyroxine. Hupimwa kwa mikrogramu, zinazoandikwa mcg au µg. Baadhi ya maboksi huandika miligramu, na hapo 0.1 mg ni sawa na 100 mcg, na 0.05 mg ni 50 mcg. Soma boksi kila unaponunua. Nukta moja iliyosomwa vibaya ni dozi mara kumi.

Kidonge hiki kina tabia ya kushikamana na vitu vingine tumboni na kutoka navyo chooni. Kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Anayeshindwa asubuhi anaweza kumeza wakati wa kulala, mradi awe amekaa saa 3 au zaidi tangu mlo wa mwisho. Ipi uchague si tatizo. Kubadilisha badilisha ndiko kunakovuruga TSH.

Chai ya maziwa na kahawa hupunguza ufyonzwaji wake zikifuatana nacho. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, kalsiamu, na vile vya kutafuna vya kiungulia vikae mbali nacho kwa saa 4. Hili linamgusa sana aliyefanyiwa upasuaji wa goita, kwa kuwa mara nyingi huruhusiwa akiwa na kalsiamu na levothairoksini kwenye mfuko mmoja, na huvimeza pamoja kwa imani kwamba vyote ni vya shingo. Uji wa lishe wenye soya nao huzuia. Haukatazwi, ila usiwe wa kwanza kuufuata kidonge. Omeprazoli na jamaa zake, zinazopunguza asidi ya tumbo, zinaweza kufanya mtu ahitaji dozi kubwa zaidi.

Kuna dawa zinazoharakisha mwili kuimaliza T4: rifampisini, iliyomo kwenye matibabu ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Mgonjwa wa thairoidi anayeanza dawa za TB aombe TSH wiki 6 hivi baadaye, na apimwe tena anapozimaliza, kwa sababu dozi iliyopandishwa wakati wa TB hubaki kubwa mno TB ikishapona. Amiodaroni, ya moyo, na lithiamu, ya magonjwa ya akili, huigusa tezi yenyewe.

Kabeji na mihogo nimeulizwa mara nyingi. Kwa anayepata homoni kutoka kwenye kidonge, kabeji iliyopikwa kwa kiasi cha kawaida haina neno. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ni hadithi nyingine: ukiliwa kila siku mahali pasipo na madini joto ya kutosha, huchangia goita, na watafiti walilifuatilia jambo hilo kwa miaka katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu. Kinachohitajika ni chumvi yenye madini joto, kwa kiasi kile kile cha mboga. Matone ya madini joto na vidonge vya mwani vinavyouzwa kama tiba ya thairoidi viache. Madini joto yakizidi huweza kuilegeza tezi au kuichochea, na hakuna ajuaye itaangukia upande gani.

Hifadhi nayo ihesabike. Joto, mwanga na unyevu huipunguza nguvu. Pwani, weka vidonge kwenye pakiti yake, kabatini, mbali na jiko na dirisha. Usiviache ndani ya gari. Ukibadilishiwa kampuni ya dawa dukani, andika tarehe, kisha pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8.

Ukisahau, meza unapokumbuka siku ile ile tumbo likiwa tupu. Siku moja iliyopita haikuharibii kitu. Siku mbili za kila wiki zinakuharibia.

Hatua ya tano: dozi inavyopangwa na kubadilishwa

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 41, kilo 68, moyo mzima, si mjamzito. TSH yake ni 38, T4 huru ni 5.2 pmol/L. Dozi kamili hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku: 68 mara 1.6 ni karibu 109. Daktari anamwanzishia 100.

Baada ya wiki 7 anarudi. TSH 9.4, T4 huru 12.8. T4 imeshaingia kwenye kiwango, TSH bado. Kishawishi cha kuandika 125 na kumwita mgonjwa anayefuata ni kikubwa. Daktari makini anamwuliza asubuhi yake ilivyo. Anameza kidonge saa 12 na nusu, na kabla ya saa 1 kamili ameshakunywa chai ya maziwa. Na kwa kuwa hedhi yake ni nzito, amepewa vidonge vya kuongeza damu, anavimeza papo hapo ili asisahau. Hedhi nzito yenyewe ililetwa na thairoidi. Dawa ya kuitibu athari hiyo sasa inaizuia dawa ya kuutibu ugonjwa.

Anabaki kwenye 100. Kidonge kinahamia saa 11 na nusu alfajiri, anapoamka kuwasha jiko, chai inakuja baada ya saa nzima, vya kuongeza damu vinakwenda jioni. Wiki 8 baadaye TSH ni 2.6. Angeongezwa hadi 125, siku vidonge vya damu vinapokwisha ufyonzwaji ungerudi, na angeanza kulalamika moyo unakimbia.

Kama umezaji ni mzuri na TSH bado iko juu, hapo ndipo dozi hupanda, kwa kawaida kwa hatua ya mikrogramu 12.5 hadi 25, na zaidi kidogo TSH ikiwa imevuka 10 kwa mbali. TSH ikishuka chini ya kiwango, dozi hupunguzwa kwa hatua hizo hizo. Baada ya kila badiliko, wiki 6 hadi 8, kipimo. TSH ikitulia, mara moja baada ya miezi 6, kisha mara moja kwa mwaka.

Kwa mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, mwanzo ni mdogo, 25 au hata 12.5, na hupandishwa taratibu. Moyo uliozoea mwendo wa polepole ukiongezewa ghafla huweza kuumia.

Mara nyingi dukani hupati kidonge cha namba unayotaka. Kwa kuwa T4 hudumu siku nyingi, daktari anaweza kupanga dozi kwa wiki: 100 siku tano na 50 siku mbili ni jumla ya 600, yaani karibu 86 kwa siku. Ratiba ya namna hii iandikwe kwenye kadi, na siku za 50 zitajwe kwa majina, kwa mfano Jumatano na Jumapili.

Nafuu haiji kwa siku moja. Wengi huanza kuisikia baada ya wiki 2 au 3, na ngozi na nywele huchukua miezi. Kama TSH imekaa sawa kwa miezi na uchovu haujaondoka, usiombe dozi iongezwe. Omba kupimwa wingi wa damu, sukari na vitamini B12, na usione haya kuzungumzia usingizi na huzuni. Dozi iliyozidi kwa miaka humletea mtu mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na mifupa myepesi, hasa mwanamke aliyekoma hedhi.

Mwezi wa Ramadhani, anayefunga ana njia mbili: kumeza kidonge kwa maji adhana ya magharibi na kusubiri nusu saa kabla ya futari, au kumeza wakati wa kulala, saa 3 baada ya kula, na asile tena hadi daku. Kwa wengi ya pili ni rahisi. Daku ikiliwa karibu na kidonge, TSH ya baada ya Idi itaonyesha.

Kama dawa yako ni ya kushusha homoni

Kwa mgonjwa wa Graves dawa inayotumika sana ni kabimazoli, Carbimazole kwenye boksi. Huanza na miligramu 15 hadi 40 kwa siku kulingana na ukali. Yeye asihukumiwe kwa TSH miezi ya mwanzo. Nyapara aliyenyamazishwa muda mrefu hachelewi siku mbili, huchelewa miezi: T4 na T3 huweza kurudi kwenye kawaida, au hata kushuka mno, huku TSH bado imeandikiwa L. Anayepandisha kabimazoli kwa kuiona TSH hiyo anamsukuma mgonjwa upande wa pili, na wiki chache baadaye mgonjwa anavimba uso na kusinzia mchana. Kwa hiyo kila wiki 4 hadi 6 hupimwa T4 huru na T3, na zikirudi kwenye kiwango dozi hupunguzwa, mara nyingi hadi miligramu 5 au 10. Matibabu huendelea miezi 12 hadi 18. Kabla ya kuacha, TRAb husaidia kubashiri: ikiwa bado juu, ugonjwa una nafasi kubwa ya kurudi. Propranololi, inayotuliza moyo na mtetemo, haishushi homoni, na mwenye pumu asipewe.

Sasa jambo la hatari, na naomba lisomwe na kila aliye nyumbani kwa mgonjwa huyu. Kwa watu wachache, zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, kabimazoli huangusha chembe nyeupe za damu. Dalili ni homa na koo kuuma, wakati mwingine vidonda mdomoni. Kwetu homa ikija, mkono unakwenda kwenye dawa ya malaria. Mgonjwa wa kabimazoli mwenye homa au koo aache dawa hiyo, aende hospitali siku ile ile, na aombe kipimo cha picha kamili ya damu, kinachoandikwa FBP au CBC. Kipimo cha malaria kifanywe pia, lakini jibu lake, liwe lipi, lisizuie hicho. Macho kuwa ya manjano na mkojo mweusi navyo ni vya siku ile ile.

Ugonjwa ukirudi baada ya kuacha, na hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa, kuna madini joto yenye mionzi au upasuaji. Baada ya hapo wengi huishia kwenye levothairoksini maisha yote, na wanarudi hatua ya nne hapo juu. Anayevuta sigara na macho yameanza kutokeza aiache mara moja, kwa sababu sigara huyazidishia macho ubaya.

Mimba, kabla na baada

Mwanamke aliye kwenye levothairoksini na anatafuta mimba aombe TSH yake ifikishwe chini ya 2.5 kabla. Mtoto tumboni hutegemea T4 ya mama katika miezi ya mwanzo, wakati ubongo wake unajengwa na tezi yake mwenyewe bado haijaanza kazi. Mahitaji ya mama hupanda mapema, kabla wengi hawajafika kliniki ya wajawazito. Kwa hiyo ni vizuri akubaliane na daktari mapema kwamba kipimo cha mimba kikisoma ndiyo, ataongeza vidonge 2 kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, kisha aende kupimwa. TSH hupimwa kila wiki 4 hadi nusu ya mimba, na tena karibu na wiki ya 30. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito wote vikae saa 4 mbali.

Aliye kwenye kabimazoli asishike mimba kwa kushtukizwa. Dawa hiyo huweza kumletea mtoto kasoro za maumbile katika wiki za mwanzo. Atumie uzazi wa mpango, na akikosa hedhi aende mara moja. Kwa miezi 3 ya mwanzo madaktari hutumia zaidi PTU, dawa nyingine ya kushusha homoni. Tena, kichefuchefu kikali cha mimba changa huweza kuja na TSH iliyoshuka kwa sababu ya homoni ya mimba yenyewe. TRAb husaidia kutofautisha, na wengi wa kundi hili hawahitaji dawa ya thairoidi.

Akishajifungua, dozi ya levothairoksini hurudi ilivyokuwa kabla ya mimba, na TSH hupimwa wiki 6 baadaye. Kunyonyesha kunaendelea. Kuna pia kina mama ambao hawakuwahi kuwa na ugonjwa wa thairoidi, na miezi 1 hadi 6 baada ya uzazi moyo unaanza kwenda mbio, kisha miezi inayofuata wanasikia baridi, wananenepa na kulia ovyo. Tezi imevimba, imemwaga homoni zilizokuwa ndani yake, na sasa haina kitu. Kabimazoli haisaidii hapo, kwa sababu tezi haitengenezi homoni mpya. Propranololi hutuliza moyo kwa muda, na levothairoksini huhitajika ikiwa upungufu ni mkubwa. Wengi hupona ndani ya mwaka, kwa hiyo daktari hujaribu kuipunguza dawa baada ya miezi 6 hadi 12 na kupima TSH tena wiki 6 hadi 8 baadaye. Mama huyu apimwe kila mwaka, na amtajie mkunga historia hii kwenye mimba inayofuata.